Mtamba Aliyepaa Kansas

Usiku wa Jumatatu, Aprili 19, 1897, mfugaji wa Kansas aliyeitwa Alexander Hamilton aliamshwa na vurumai zizini. Saa ilikuwa nne na nusu. Alidhani ni mbwa wake anafanya utundu, lakini alipofika mlangoni aliona chombo kikubwa kikishuka taratibu kutoka angani juu ya ng'ombe wake. Alimwita mwanawe na mpangaji wake, wakanyakua mashoka, wakakimbilia huko. Chombo kilikuwa na umbo la sigara, urefu wake kama futi 300, na chini yake kilining'inia kibanda cha kioo. Ndani walikuwamo viumbe sita, wa ajabu kuliko yeyote aliyewahi kumwona, wakizungumza maneno asiyoyaelewa. Kisha akagundua kwamba mtamba wake wa miaka miwili amekwama kwenye ua, na shingoni ana kamba nene iliyoshuka kutoka kule juu. Walihangaika kuifungua, wakashindwa. Wakakata waya wa ua, na mtamba akanyanyuliwa, akaenda zake angani pamoja na chombo. Kesho yake jirani mmoja, maili tatu au nne magharibi ya mji wa Le Roy, alikuta shambani kwake ngozi, miguu na kichwa cha mnyama huyo. Ardhi ilikuwa laini, lakini hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Habari hii ilichapwa na Farmer's Advocate, gazeti la mji wa Yates Center, tarehe 23 ya mwezi huohuo. Mhariri hakuishia hapo. Chini ya maelezo aliweka kiapo kilichotiwa saini na watu wazito wa eneo lile: sherifu na naibu wake, mwenye benki, wafamasia, wakili, hakimu, msajili wa hati, mkuu wa posta. Wote walisema wanamjua Hamilton na kwamba ni mtu mkweli. Magazeti mengine yakanakili. Habari ikavuma, ikapoa, ikasahaulika kwa zaidi ya nusu karne, kisha ikafufuliwa katika miaka ya 1960 na waandishi wa vitabu kuhusu vyombo vya ajabu vya angani. Kwao, orodha ya majina ndiyo iliyokuwa ushahidi. Sherifu, mwenye benki na mkuu wa posta wangewezaje kukaa pamoja wakatunga uongo?

Waliweza, na walifanya hivyo kwa raha kabisa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Jerome Clark alifuatilia habari ile hadi Kansas kwenyewe, akapata kumbukumbu za bibi mmoja mzee wa huko aliyemsikia Hamilton akiisimulia nyumbani huku akicheka. Hamilton alikuwa mwanachama wa kundi la watu wa Yates Center waliokutana kushindana kutunga uongo: leo huyu anatoa wake, wiki ijayo mwenzake anajaribu kumshinda. Mtamba aliyepaa alikuwa zamu ya Hamilton. Kiapo kilikuwa sehemu ya utani, na waliotia saini walikuwa washiriki.

Hapo ndipo palipo siri ya vipande hivi vya magazeti ya zamani ya miji midogo, ambavyo watu huvikusanya, huviweka katika fremu na kusomeana mezani. Habari ya Hamilton iliandikwa kwa ajili ya watu waliomjua kila aliyetajwa. Msomaji wa Yates Center alipoliona jina la mfamasia chini ya kiapo alijua mara moja ni mchezo, kwa sababu alimjua mfamasia. Msomaji wa mbali aliona cheo tu. Kipande kikikatwa kutoka kwenye ukurasa wake na kupelekwa mbali, maneno hubaki yaleyale, ila ule ukonyezo wa jicho haukatwi na mkasi pamoja nayo. Ili kuvionja vipande hivi inavyostahili, sharti virudishwe mjini mwao, kwenye chumba kilichonuka wino ambamo vilipangwa herufi kwa herufi.

Chumba chenyewe kwa kawaida kilikuwa kidogo. Mhariri ndiye aliyekuwa mwenye mali, mwandishi, na mkusanya madeni. Alikuwa na mpanga herufi mmoja au wawili, na kijana mwanagenzi wa kufagia, kuchochea jiko na kupaka wino. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku pana la mbao lililogawanywa katika vijumba, kila kijumba na herufi yake ya risasi, akizidokoa moja moja kwa mkono wa kulia na kuzipanga kinyumenyume katika kishikio cha chuma alichokamata kwa kushoto. Mstari ukijaa, alijazia nafasi kati ya maneno kwa vipande vyembamba vya risasi hadi ubane. Gazeti likishachapwa, kazi ilianza upya kwa upande wa pili: kila herufi ilioshwa na kurudishwa kijumbani mwake, maana wiki ijayo zilihitajika zilezile. Mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyopanga mstari mzima kwa mpigo ilianza kazi mwaka 1886 katika gazeti la New York Tribune, lakini miji midogo iliisubiri kwa muda mrefu.

Ukurasa wa aina hii haukubali pengo. Safu ikiwa fupi kwa mistari minne, mhariri alitafuta jambo la mistari minne: nyanya ya kwanza ya msimu, kuku aliyetaga yai lenye viini viwili, mzee aliyeezeka paa jipya. Habari ilipimwa kwa rula kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote. Ndiyo maana katika kurasa hizo kifo cha rais na kupotea kwa mbuzi hukaa bega kwa bega bila kuoneana aibu. Msomaji wa leo hucheka kwa sababu ya ujirani huo, na aghalabu ujirani wenyewe ulitokana na nafasi iliyobaki saa ya kufunga ukurasa.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoufanya ukurasa wa mji uwe na sura yake ya pekee. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Ansel Nash Kellogg, aliyekuwa akitoa gazeti dogo la Baraboo, Wisconsin, aliachwa bila wafanyakazi: walikuwa wamejiunga na jeshi. Aliliomba gazeti moja la Madison, mji mkuu wa jimbo, limchapie kurasa mbili kwa habari za vita, na yeye akachapa mbili zilizobaki kwa habari za Baraboo. Dawa ya dharura ikageuka biashara. Mwaka 1865 Kellogg alianzisha kampuni Chicago ya kuuza karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja, na wahariri wa mashambani wakazipokea kwa mikono miwili. Basi mkulima wa Iowa na mwenye duka wa Nebraska wakawa wanasoma hadithi zilezile, mapishi yaleyale na matangazo yaleyale ya dawa za mgongo. Kilichobaki mikononi mwa mhariri kilikuwa kurasa zake mbili. Hizo alizijaza majina ya watu wake.

Na habari zilitembea. Sheria ya posta ya mwaka 1792 ilimruhusu kila mchapaji wa gazeti kumtumia mwenzake, popote Marekani, nakala moja bila malipo. Kufikia miaka ya 1840 gazeti la kawaida lilikuwa likipokea nakala za kubadilishana zipatazo 4,300 kwa mwaka. Mhariri aliketi na mkasi na gundi, akapitia rundo, akakata alichokipenda na kumpa mpanga herufi. Hakuna aliyeuita wizi, mradi jina la gazeti la kwanza litajwe, na mara nyingine halikutajwa. Kisa cha nguruwe wa Vermont kiliweza kufika Missouri kwa njia hiyo, kikipunguzwa mstari hapa, kikiongezwa chumvi pale.

Mmoja aliyekulia katika vumbi la kazi hii alikuwa Samuel Clemens, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Mark Twain. Alianza kujifunza uchapaji akiwa mtoto huko Hannibal, Missouri, kisha akamfanyia kazi kaka yake Orion, mwenye gazeti la mji. Septemba 1852, Orion akiwa safarini, kijana huyo wa miaka kumi na sita aliachiwa gazeti. Mhariri wa gazeti shindani alikuwa ameumizwa na mapenzi; alitangaza kwamba atajiua, akaenda mtoni usiku, kisha akaghairi. Sam alichukua herufi za mbao, zile kubwa za mabango, akazigeuza nyuma na kuchonga kwa kisu picha ya mtu yule akiingia majini na taa mkononi, akipima kina kwa bakora asije akazama bure. Mji mzima ulinunua gazeti. Orion aliporudi alikuta mdogo wake ameliuza gazeti kuliko wakati wowote, na ameharibu uhusiano na nusu ya mtaa.

Kisa hiki kinaonyesha hatari ambayo wahariri wa miji midogo waliijua vizuri. Mwandishi wa New York aliweza kumkejeli mtu na kupotelea katika umati. Wa Hannibal angekutana na mtu huyo kesho yake asubuhi, njiani kwenda posta. Ujirani uliwafundisha waandishi namna ya kusema bila kusema, na maneno mengi yanayotufurahisha leo yamezaliwa na hadhari hiyo. Mlevi hutajwa kuwa alikuwa na furaha kupita kiasi. Bwana arusi aliyekimbia huandikiwa kuwa amepata shughuli katika jimbo jingine. Wenyeji walifahamu; mgeni anaona adabu tu.

Kuna mji ambao ulitumia tofauti hiyo kati ya wenyeji na wageni kama mtaji. Winsted ulikuwa mji wa viwanda katika vilima vya Connecticut, na humo ndimo alimofanya kazi Louis T. Stone, aliyezaliwa mwaka 1875. Mwaka 1895 alikuwa mwandishi kijana wa Winsted Evening Citizen, ana haja ya fedha, na alijua kwamba magazeti ya New York hulipa kwa habari za ajabu. Agosti ya mwaka huo aliwapelekea habari ya mtu wa porini. Diwani mmoja wa Winsted, aliandika, alikuwa akichuma matunda kichakani wakati mbwa wake, mbwa shupavu asiyejua woga, aliporudi mbio akilia na mkia katikati ya miguu. Mara kichaka kikapasuka, likatoka jitu kubwa uchi, mwili mzima manyoya, likapiga yowe na kutokomea msituni.

Waandishi wa miji mikubwa walipanda treni wakaja. Watu wa mashambani wakabeba bunduki wakaingia msituni, na kila siku alipatikana mtu mpya aliyeliona jitu hilo, na kila aliyeliona alilikuta limeongezeka kimo. Stone akajifunza somo lake. Kwa karibu miaka arobaini, akiwa mwandishi na baadaye mhariri mkuu wa gazeti lilelile, alipeleka nje ya Winsted habari za mti unaozaa matofaa yaliyokwisha kuokwa. Za kuku aliyetaga yai la rangi za bendera ya Marekani siku ya Uhuru. Za paka aliyepiga mluzi wimbo wa Yankee Doodle. Za mtu mwenye upara aliyechora buibui kichwani ili kuwafukuza nzi. Za ng'ombe aliyefugwa na kina dada wawili ambao hawakuolewa, akawa na haya kiasi kwamba hakukubali kukamuliwa na mwanamume.

Hebu tuuangalie mpangilio wa uongo huo. Hakuna mtu anayeumia. Hakuna anayetapeliwa. Kila kisa kina chembe ya jambo linalojulikana na kila mfugaji: nzi wanaokera, ng'ombe wenye tabia zao, matofaa ya kuoka jikoni wakati wa baridi. Stone aliyajua maisha ya mashambani hadi kwenye harufu yake, na ndiyo maana wahariri wa New York, ambao kwa hakika hawakudanganyika, waliendelea kumlipa. Walinunua hewa ya vilima. Na huku nyumbani, katika kurasa za Evening Citizen, Stone aliandika habari za kweli: mikutano ya baraza, moto kiwandani, nani amezaa na nani amefariki. Winsted haikumwona kuwa mwongo bali balozi. Uliwekwa ubao njiani kuwaambia wapita njia kwamba mji huu umejulikana nchi nzima kwa sababu ya visa vyake, shukrani kwa L. T. Stone, na alipofariki mwaka 1933 daraja dogo likapewa jina lake.

Si kila uongo wa mji mdogo ulizaliwa na furaha. Juma lilelile ambalo Hamilton alimpoteza mtamba wake, Dallas Morning News lilichapa taarifa fupi ya mnunuzi wa pamba aitwaye S. E. Haydon kutoka Aurora, Texas. Alisema chombo cha angani kimegonga mnara wa kinu cha upepo cha jaji wa hapo, kikalipuka, na rubani wake, ambaye hakuwa mtu wa dunia hii, atazikwa katika makaburi ya mji. Aurora wakati huo ilikuwa inakufa. Wadudu walikuwa wamekula pamba, homa ilikuwa imeua watu, na reli iliyotarajiwa haikufika. Bibi mmoja wa mji alieleza miongo kadhaa baadaye kwamba Haydon aliandika vile ili watu waikumbuke Aurora. Kibao cha kihistoria kwenye lango la makaburi kinaitaja hadithi hiyo hadi leo, pamoja na waliokufa kwa homa.

Lakini vipande vinavyopendwa na wakusanyaji, visa vya jitu na mtamba na rubani, ni vichache sana ukilinganisha na vile ambavyo hakuna anayevikata. Fungua toleo lolote la gazeti la wiki la miaka ya 1880 au 1890 na utakuta safu baada ya safu za mambo ya kawaida kabisa. Bibi fulani amekwenda kumwona dada yake kijiji cha pili na atarudi Alhamisi. Familia fulani wamekula chakula cha Jumapili kwa shemeji yao. Bwana fulani amepaka rangi ghala lake. Barabara ya kwenda kinuni ina matope. Kila kijiji kilikuwa na mwandishi wake, mara nyingi mwanamke, aliyepelekewa karatasi na stempu na kulipwa kidogo kwa kila inchi ya safu, naye alizikusanya habari hizo kanisani, dukani na barazani, akazituma kwa posta kabla ya Jumanne.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi hata kidogo. Mwandishi wa kijiji alipaswa kumkumbuka kila mtu. Aliyeachwa wiki tatu mfululizo alinung'unika, na manung'uniko yalifika kwa mhariri kwa njia ya usajili usiolipwa. Wengi hawakulipa kwa fedha hata hivyo. Walileta kuni, viazi, tufaha au nusu ya nguruwe, na wahariri walichapa tangazo la kuwakumbusha wadaiwa kwamba majira ya baridi yanakuja na jiko la ofisi ni tupu. Mkulima aliyevuna boga kubwa kupita kawaida alilibeba hadi ofisini, likakaa dirishani kwa wiki nzima, na vipimo vyake vikachapwa pamoja na jina lake. Haikuwa rushwa wala tangazo. Ndiyo ilikuwa njia ya boga kuwa habari.

Kinachogusa ni kwamba wote waliosoma habari ya shangazi aliyekwenda kumwona dada yake walikuwa tayari wanajua. Walimwona akipanda gari la farasi. Gazeti halikuwaletea taarifa mpya, lilitia muhuri. Maisha ambayo yangepita kimya yalipata tarehe, mstari na nafasi karibu na hotuba ya gavana. Watu wasioandikwa popote isipokuwa siku ya kuzaliwa, ya kuoa na ya kuzikwa waliandikwa walipopaka rangi ghala. Hakuna hati ya serikali inayoweza kuwasema watu wa kawaida kwa ukaribu huo, na mwanahistoria anayezipita safu hizi kwa haraka akitafuta jitu la Winsted anaacha utajiri nyuma yake.

Wasomaji wenyewe hawakuziacha. Kukata na kubandika kulikuwa shughuli ya nyumba nyingi. Vitabu vya zamani vya hesabu au ripoti za serikali viligeuzwa kuwa vitabu vya kubandika, shairi la magazetini likikaa karibu na tanzia ya mtoto na mapishi ya keki. Mark Twain, mwana wa mkasi na gundi, aliona fursa: mwaka 1873 alipata hataza ya kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, kinachohitaji kuloweshwa tu. Kiliuzwa vizuri sana, kikamwingizia fedha, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu uvumbuzi mwingi alioupenda.

Mkasi, hata hivyo, huchagua. Mwaka 1973 Michael Lesy alichapisha Wisconsin Death Trip, kitabu kilichounganisha picha za Charles Van Schaick, mpiga picha wa mji wa Black River Falls, na habari fupi kutoka gazeti la mji huo, Badger State Banner, lililohaririwa na Frank Cooper na mwanawe George. Miaka iliyomvutia ni 1885 hadi 1900. Ukurasa baada ya ukurasa, dondakoo linafagia watoto wa nyumba moja. Benki zinafungwa katika msukosuko wa 1893. Ghala linachomwa usiku na jirani. Mkulima anapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu anasafiri mji kwa mji akivunja vioo vya madirisha. Kila habari ina mistari michache, imeandikwa kwa sauti ileile tulivu ambayo akina Cooper waliitumia kwa mambo mengine yote.

Ni kitabu chenye nguvu, na kiliwashtua wasomaji waliodhani miji ya zamani ilikuwa pepo ya amani. Lakini wanahistoria walimkumbusha Lesy kwamba kurasa alizozikata zilikuwa pia na mandari, harusi, na mabadiliko ya bei ya siagi. Aliondoa boga dirishani akabakiza jeneza. Wanaokusanya vichekesho hufanya kinyume chake: huondoa jeneza wakabakiza boga. Gazeti lenyewe liliviweka vyote viwili ukurasa mmoja, kwa sababu vyote viwili vilitokea wiki hiyo, kwa watu walewale.

Hakuna aliyeuelewa uzito wa kuandika kuhusu jirani kuliko William Allen White wa Emporia, Kansas. Alilinunua Emporia Gazette mwaka 1895 kwa dola 3,000 za mkopo, na mwaka uliofuata tahariri yake ya hasira kuhusu siasa za Kansas ilinakiliwa nchi nzima na kumfanya mashuhuri. Marais walimwandikia. Alikataa kuhamia mji mkubwa. Kisha Mei 1921 binti yake Mary, mwenye umri wa miaka kumi na sita, akiwa juu ya farasi alimpungia rafiki mkono, kichwa chake kikagonga tawi la mti, akafariki baada ya siku chache. Magazeti mengine yalisema alianguka kutoka kwenye farasi. White aliketi akaandika mwenyewe tanzia ya binti yake katika Gazette la Mei 17, na mwanzoni kabisa akasahihisha jambo hilo: Mary hakuanguka, alikuwa mpandaji hodari. Kisha akaorodhesha vitu vidogo kama mwandishi wa kijiji angefanya: nywele zake zilizosukwa, gari la familia alilolijaza marafiki, watoto maskini aliowapigania, jinsi mazishi yalivyokuwa. Iliandikwa kwa ajili ya Emporia. Ilikatwa na kubandikwa katika nyumba za watu wasioweza kuionyesha Emporia kwenye ramani.

Leo vipande hivi havihitaji mkasi. Tangu mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni magazeti ya zamani kupitia mradi wa Chronicling America, na kurasa zake zimepita milioni 20. Kompyuta husoma herufi zilizofifia kwa makosa mengi, ikigeuza jina la babu kuwa mchanganyiko wa konsonanti, lakini anayevumilia hupata. Katika Chuo Kikuu cha Northeastern watafiti wa mradi wa Viral Texts wametumia kompyuta kufuata njia za vipande vilivyonakiliwa karne ya 19, gazeti kwa gazeti, na kuonyesha jinsi orodha ya ushauri kwa wake au mzaha wa mistari mitano ulivyoruka kutoka Vermont hadi Carolina kwa posta. Wakati huohuo magazeti yaliyozaa vipande hivyo yanatoweka. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, mengi yakiwa ya wiki, ya miji ambayo haina gazeti jingine.

Moja limebaki na sura yake ya zamani. The Budget lilianzishwa mwaka 1890 huko Sugarcreek, Ohio, na toleo lake la kitaifa hujazwa barua za waandishi wa jamii za Waamishi na Wamenoni walioenea katika majimbo mengi. Mpango wa kuliweka toleo hilo mtandaoni ulipingwa na waandishi wenyewe. Barua zao, walisema, ni za kusomwa na wenzao. Wanaandika nyumba gani ilipokea ibada Jumapili, wageni waliotoka wapi, mvua kiasi gani, nani amejifungua, farasi wa nani alishtuka na kupindua gari. Na mara kwa mara mwandishi huomba kadi: kuna mjane anayetimiza miaka tisini, au mvulana aliyevunjika mguu na hawezi kwenda shule. Baada ya siku chache mtu wa posta wa kijiji hicho huanza kuleta mafungu ya bahasha kutoka Pennsylvania, Indiana na Missouri, zilizotumwa na watu waliolisoma jina la mvulana mara moja tu, katika mstari mmoja, chini ya habari ya mvua.